Logo ya protini imekuja vibaya: dalili, chanzo na tiba

Umeoanisha mifuatano yako ya protini, umeiingiza kwenye programu ya kuchora logo, na picha iliyotoka siyo uliyoitarajia. Herufi ni fupi mno, au zote zimelingana kimo, au motifu (kipande cha herufi kinachojirudia katika familia) unayoijua vizuri haionekani. Mwongozo huu ni wa saa hiyo.

Logo ya mfuatano ni hesabu iliyochorwa. Kila safu wima ya mpangilio, yaani ya mifuatano iliyooanishwa, inageuka mnara wa herufi: kimo cha mnara kinaonyesha safu hiyo imehifadhiwa kiasi gani, na kimo cha kila herufi ndani yake kinaonyesha asidi amino hiyo imejitokeza mara ngapi. Schneider na Stephens walipobuni njia hii mwaka 1990, walitaka kuachana na mfuatano wa makubaliano, ule unaotaja herufi moja tu kwa kila nafasi na kuzika zilizobaki. Nimekaa na logo nyingi zilizoharibika, zangu na za wenzangu, na karibu zote kosa halikuwa kwenye uchoraji. Lilikuwa kwenye faili lililoingia, au kwenye chaguo-msingi ambalo hakuna aliyelisoma.

Kwanza, hesabu safu moja kwa mkono

Kabla ya kubadilisha programu au kuanza kubofya kila chaguo, chukua karatasi. Hapa kuna mfano wa kweli: vipande vya herufi nane kutoka protini sita zinazoshika ATP au GTP. Ni sehemu inayoitwa Walker A, ambayo Walker na wenzake waliieleza mwaka 1982.

```
HRAS                            GAGGVGKS
Protini G, alfa-i1              GAGESGKS
Sintesi ya ATP, beta            GGAGVGKT
RecA ya E. coli                 GPESSGKT
EF-Tu ya E. coli                GHVDHGKT
Kinasi ya adenilati, E. coli    GAPGAGKG
```

Safu ya 1, ya 6 na ya 7 hazina ubishi: G, G, K. Kwa kuwa kuna asidi amino 20, mnara mrefu kabisa ni log2 ya 20, yaani biti 4.32 (biti ni kizio cha taarifa). Kutoka hapo tunatoa entropia, kipimo cha mchanganyiko wa safu. Safu isiyo na tofauti yoyote ina entropia sifuri, kwa hiyo inabaki na 4.32 zote. Safu ya 8 ina T tatu, S mbili na G moja. Entropia yake ni 1.46, inabaki 2.86. Safu ya 3 ina G mbili, kisha A, E, V na P moja moja. Entropia ni 2.25, inabaki 2.07.

Hesabu haijaisha. Mifuatano sita ni michache, na sampuli ndogo kwa wastani huonekana imehifadhiwa kuliko ilivyo kweli: ukirusha dadu mara mbili tu utaona nyuso zisizozidi mbili, lakini hiyo haina maana kwamba dadu lina nyuso mbili. Ndiyo maana kanuni ya mwanzo ya logo inakata kitu kinachoitwa sahihisho la sampuli ndogo: 19 ikigawanywa kwa (2 × ln 2 × n), yaani takriban 13.7 ikigawanywa kwa idadi ya mifuatano. Kwa mifuatano sita ni 2.28. Sasa safu ya 1 inashuka hadi 2.04, safu ya 8 hadi 0.58, na safu ya 3 inaanguka chini ya sifuri, kwa hiyo haichorwi kabisa.

Ukifanya hivi kwa safu moja na jibu lako likalingana na picha, programu iko sawa na tatizo limo kwenye data. Lisipolingana, kuna chaguo limewashwa usilolijua. Nusu saa ya karatasi huokoa siku nzima ya kubahatisha.

Programu inakataa: mifuatano haina urefu sawa

Huu ndio ujumbe wa kawaida kuliko wote, na mara nyingi unasema kweli tupu: umeweka mifuatano ambayo haijaoanishwa. Programu za logo hazioanishi chochote. Kazi hiyo ni ya MAFFT, MUSCLE, Clustal Omega na nyinginezo, na logo huja baada yake.

Kinachoumiza kichwa ni pale unapojua fika kwamba mifuatano imeoanishwa na bado inakataliwa. Angalia kwanza faili limetoka wapi. Kama ni la mfumo wa a3m, kwa mfano kutoka programu ya utafutaji ya HHblits, basi mistari yake kweli haina urefu sawa na wala halina kosa. Katika a3m herufi ndogo ni nyongeza ambazo mfuatano mkuu hauna, na mifuatano mingine haiwekewi mapengo ya kufidia. Zitoe herufi ndogo kwenye mistari ya mifuatano, ukiacha mistari ya majina, na urefu utalingana papo hapo:

```
sed '/^>/!s/[a-z]//g' ingizo.a3m > safi.fa
```

Faida ya ziada ni kwamba safu zilizobaki zinafuata namba za mfuatano wako mkuu, jambo litakalokusaidia baadaye. Lakini usifanye hivyo kwa faili lolote lenye herufi ndogo. Kwenye mafaili mengine herufi ndogo ni maeneo yaliyofunikwa tu, au ni mtindo wa programu fulani. Ukizifuta unafuta data yako.

Faili la Stockholm (mfumo mwingine wa kuhifadhi mpangilio) lililobadilishwa jina likaitwa .fa, kana kwamba ni FASTA, nalo huleta balaa hili, kwa sababu mistari yake inayoanza na #=GC na alama ya // mwishoni vinasomwa kana kwamba ni mifuatano. Ligeuze kwa chombo kinachoelewa mfumo wake. Kubadilisha jina hakutoshi.

Halafu kuna wahusika wasioonekana. Faili lililotengenezwa kwenye Windows lina alama mbili mwisho wa kila mstari, na hati fulani za watu huihesabu moja kama herufi. Mstari wa mwisho usipokuwa nayo, unaonekana mfupi kwa herufi moja. Nafasi tupu mwishoni mwa mstari hufanya vivyo hivyo. Kinyota cha mwisho wa protini kinabaki kwenye mfuatano mmoja na kukosekana kwenye mwingine.

Kilichonichukua siku mbili nzima ni kistari. Mpangilio uliletwa kwangu ndani ya hati ya maandishi ya kawaida, nami nikanakili na kubandika. Programu ile ya maandishi ilikuwa imegeuza kila vistari viwili vilivyofuatana kuwa kistari kimoja kirefu, kwa nia njema ya kupendezesha sentensi. Kwa jicho mapengo yalikuwepo. Kwa kompyuta, kila mahali palipokuwa na mapengo mawili pakawa na alama moja isiyojulikana. Tangu siku ile sikubali mpangilio uliopitia hati ya maandishi. Naomba faili lenyewe, na kabla ya yote nahesabu urefu wa kila mfuatano kwa amri fupi. Mfuatano ulio tofauti ukijitokeza, ufungue huo peke yake uutazame herufi kwa herufi.

Herufi zisizo miongoni mwa 20 nazo zitafutwe. X ni asidi amino isiyojulikana. B ni D au N. Z ni E au Q. U ni selenosisteini. Programu nyingine huzipuuza kimya kimya, nyingine hugoma. Zikiwa chache hazidhuru picha. Zikiwa nyingi, hasa X, rudi kwenye chanzo cha data yako.

Herufi ni fupi mno, au hakuna kitu kabisa

Anza na idadi ya mifuatano. Kwa kanuni ile ya 13.7 ikigawanywa kwa n, mifuatano mitatu inakatwa biti 4.57, zaidi ya 4.32 zote zilizopo. Hata safu iliyohifadhiwa kikamilifu inakuwa tupu! Kwa mitano inabaki 1.58. Kwa 20, sahihisho linashuka hadi 0.69, kwa 100 ni 0.14, na hapo unaweza kulisahau. Kwa hiyo mtu akinionyesha logo ya protini yenye mifuatano minne na kulalamika kwamba imepauka, namwambia picha imesema kweli: ushahidi wake ni mdogo.

Unaweza kulizima sahihisho. Katika WebLogo, programu ya kuchora logo, ukiitumia kwa mstari wa amri, chaguo `--composition none` huondoa marekebisho yote ya aina hii. Nalitumia ninapotaka kulinganisha na hesabu yangu ya mkono. Kwa picha ya kuchapisha sishauri. Ukilazimika, andika idadi ya mifuatano chini ya picha ili msomaji ajue anaangalia nini.

Programu hazifanani hapa, na ndiyo sababu data ile ile inatoa picha mbili. ggseqlogo ya R hutumia sahihisho hilo la asili inapochora kwa biti. WebLogo ya toleo la 3 huchanganya hesabu zako na uwiano wa kawaida wa asidi amino, hivyo data chache huvutwa kuelekea wastani. Logomaker ya Python haina sahihisho lile, lakini inapogeuza mpangilio kuwa jedwali la uwiano au la biti huongeza hesabu bandia ya 1 kwa kila herufi kama hukuiambia vingine. Kwa DNA yenye herufi nne jambo hilo ni dogo. Kwa jedwali la herufi 20 na mifuatano sita, umeongeza hesabu 20 za kubuni juu ya sita za kweli. Glisini iliyokuwa asilimia 100 inashuka hadi 7 kwa 26, yaani asilimia 27. Weka `pseudocount=0` uone tofauti, kisha uamue kwa kujua.

Kama una mamia ya mifuatano na bado minara ni mifupi, sahihisho halihusiki. Fungua mpangilio kwenye programu ya kutazamia kama Jalview au AliView uutazame kwa macho. Mara nyingi utaona kundi moja la mifuatano limesogea safu moja au mbili kushoto, na motifu imegawanyika: nusu ya K ziko safu ya 41, nusu nyingine ya 42. Kwenye logo hii inaonekana kama mwangwi, yaani herufi zile zile kwa mpangilio ule ule, zimerudiwa hatua moja pembeni kwa kimo kidogo. Ukiuona mwangwi, usihangaike na mipangilio ya logo. Oanisha upya, au rekebisha kundi lile kwa mkono kama ni dogo.

Sababu nyingine ni kuchanganya familia mbili za protini kwenye faili moja. Hapa hakuna mwangwi. Kuna herufi mbili zilizogawana kila mnara karibu sawa kwa sawa. Jenga mti wa haraka, tenganisha matawi, chora logo mbili. Kilichoonekana kuwa kelele kinageuka kuwa picha mbili safi.

Na wakati mwingine eneo lenyewe halijahifadhiwa. Hilo ni jibu, siyo hitilafu.

Herufi zote ni ndefu kuliko inavyostahili

Hii ndiyo hatari zaidi, kwa sababu inapendeza. Picha imesimama wima, kila safu karibu na 4.32, na mtu anaiweka kwenye andiko lake bila kuuliza.

Kama minara yote ni sawa *kabisa* kwa kimo, hata ile unayojua haijahifadhiwa, tazama jina la mhimili wima. Huenda umechora kwa uwiano badala ya biti. Katika hali hiyo kila mnara hufika 1 na kimo chake hakisemi lolote kuhusu kuhifadhiwa.

Kama mhimili ni wa biti, basi shuku mifuatano inayorudiarudia. Hifadhidata za protini zimejaa viumbe vinavyochunguzwa sana. Ukichukua matokeo 200 ya kwanza ya utafutaji, huenda 150 yakawa ya aina za bakteria mmoja zinazotofautiana kwa herufi moja au mbili. Programu ya logo inazihesabu kama mashahidi 150 huru, na sahihisho la sampuli ndogo nalo linadanganyika kwamba una data nyingi. HRAS, KRAS na NRAS ni mfano mzuri: mwanzo wa protini hizi tatu za binadamu unafanana neno kwa neno. Ukizikusanya pamoja na jamaa zao wa mamalia wote utapata ukuta wa herufi ndefu, ambao unaeleza historia fupi ya mamalia na hausemi mengi kuhusu kazi ya P-loop, yaani Walker A.

Tiba yake ni kupunguza kabla ya kuchora. Pitisha mifuatano isiyo na mapengo kwenye CD-HIT au MMseqs2, programu za kugawa mifuatano katika makundi, baki na mwakilishi mmoja kwa kila kundi linalofanana kwa asilimia 90, au hata 70 kama data inaruhusu. Kisha oanisha wawakilishi. Njia ya pili ni kuacha mifuatano yote na kuipa uzito: Henikoff na Henikoff walionyesha mwaka 1994 njia rahisi ambayo mfuatano wenye herufi adimu katika safu hupewa uzito mkubwa kuliko ule wenye herufi za kundi kubwa. Programu ya HMMER hutumia uzito wa aina hiyo inapojenga wasifu (muhtasari wa kitakwimu wa mpangilio), kwa hiyo ukichora wasifu huo kwa chombo cha Skylign tatizo linapungua lenyewe. Seq2Logo, programu nyingine ya logo, nayo inakuachia uchague jinsi ya kupima uzito. WebLogo huhesabu kila mfuatano kwa uzito mmoja, hivyo usafi wa data ni jukumu lako.

Kipimo changu cha haraka: chora logo ya mifuatano yote, kisha ya wawakilishi wa asilimia 70. Safu iliyobaki ndefu kwenye zote mbili naiamini. Iliyoporomoka ilikuwa inasimamishwa na ndugu wa tumbo moja.

Mhimili unaishia 2, au unapita 4.32

Ukiona mhimili wima unaishia biti 2, programu imedhani una DNA. Herufi A, C, G na T ni nyukleotidi, lakini pia ni alanini, sisteini, glisini na threonini. Peptidi fupi zenye hizo nne tu zinatosha kuidanganya programu inayobahatisha aina. Rangi nazo zitakuwa za DNA. Iambie waziwazi: `--sequence-type protein` kwenye WebLogo, `seq_type='aa'` kwenye ggseqlogo. Naliandika kila mara hata pale lisipohitajika.

Ukiona mnara unafika 6, usidhani hesabu imevunjika. Programu inalinganisha na usuli, yaani uwiano wa kawaida wa kila asidi amino. Lusini ni karibu asilimia 10 ya protini kwa jumla, triptofani ni karibu asilimia 1. Safu yenye L peke yake inapata log2 ya 10, yaani biti 3.3, yenye W peke yake inapata log2 ya 100, yaani biti 6.6. Ni sawa kabisa: kukutana na W mahali pale pale katika protini mia ni jambo la kushangaza kuliko kukutana na L. Ila usiweke logo ya namna hii kando ya ile ya kawaida na kulinganisha vimo. Na hata mbili za namna moja, zipe ukomo mmoja wa mhimili kwa `--yaxis` au chaguo linalofanana nalo, la sivyo jicho litadanganywa na kipimo.

Kwenye familia hii ya programu utakutana pia na herufi zilizo chini ya mstari wa sifuri, wakati mwingine zimepinduliwa. Seq2Logo na iceLogo huchora hivyo asidi amino zinazojitokeza *pungufu* ya matarajio. Mtu asiyezoea huona picha imeharibika, kumbe kuna taarifa nzuri pale: nafasi inayokataa prolini au chaji hasi inaonekana chini ya mstari, jambo ambalo logo ya kawaida haiwezi kulionyesha.

Herufi moja imesimama peke yake katikati ya pasipo kitu

Una mifuatano 200. Katika safu fulani, 190 ina mapengo na 10 iliyobaki ina W. Programu nyingi hupuuza mapengo, hivyo safu hiyo ni W kwa asilimia 100, na W inasimama ndefu kuliko herufi zote za protini nzima. WebLogo huukondesha mnara: hupunguza upana wake kulingana na sehemu ya mifuatano isiyo na pengo. Ukiona herufi nyembamba kama sindano, hiyo ndiyo maana yake. Watu wengi huzima upana huo kwa `--scale-width no` kwa sababu hauvutii, na hapo ndipo W ya uongo inapozaliwa. Uache uwashwe, au ondoa safu zenye mapengo mengi kwanza. trimAl, programu ya kupogoa mpangilio, yenye `-gt 0.5` hubakiza safu ambazo angalau nusu ya mifuatano ina herufi.

Katikati pamemeza kila kitu

Hii ni ya wanaochunguza kinasi, vimeng'enya vinavyoweka fosfeti kwenye protini. Umekusanya peptidi, kila moja imekatwa ili serini au threonini inayowekewa fosfeti ikae katikati. Bila shaka katikati kuna S na T tu, kwa sababu wewe ndiwe uliyezipanga hivyo. Zikiwa nusu kwa nusu mnara ni biti 3.32, na kando yake arginini za kinasi A, zile za R-R-X-S (X hapa ni asidi amino yoyote), zinaonekana kama vumbi.

Usizioanishe peptidi hizi kwa MAFFT; zikiwekewa mapengo zinapoteza kitovu chao. Ifiche nafasi ya katikati au punguza ukomo wa mhimili. Bora zaidi, tumia chombo kinacholinganisha na serini zisizowekewa fosfeti kutoka protini zile zile: Two Sample Logo, iceLogo na pLogo vilitengenezwa kwa swali hili. Usuli ukiwa sahihi, R zinanyanyuka zenyewe. Usuli ukiwa mbaya, utavumbua tu kwamba maeneo yenye serini nyingi yana serini nyingi.

Picha yenyewe

Hapa nitapita haraka. Ukungu kwenye herufi unatokana na PNG. Toa PDF, SVG au EPS. WebLogo ikitoa EPS lakini ikishindwa PDF au PNG, Ghostscript haijasakinishwa au haipatikani kwenye njia ya mfumo. SVG huhitaji pdf2svg. Nyekundu na kijani kwa pamoja zinawachanganya wasomaji wengi wasiotofautisha rangi hizo, na mpango wa rangi wa kikemia una zote mbili: asidi nyekundu, zenye ncha za umeme kijani. Mpango wa kupenda na kuogopa maji, wenye buluu, kijani na nyeusi, una nafuu.

Namba hazilingani na protini, au motifu haipo

Namba chini ya logo ni namba za safu za mpangilio. Hazijui lolote kuhusu protini yako. Pengo moja kabla ya motifu linatosha kuzisogeza, na trimAl ikishafuta safu, hazilingani na kitu chochote tena. Kwa kipande kisicho na mapengo, kama kile cha juu, `--first-index 10` inatosha kuifanya logo ianze na glisini ya 10 ya HRAS na kuishia serini ya 17. Kwenye mpangilio wenye mapengo, chagua mfuatano mmoja wa rejea, futa kila safu ambapo huo una pengo, kisha anza na namba yake ya kwanza.

Ukiiweka namba hiyo kwenye mfano wetu, tazama safu ya 3. Ni glisini ya 12. Mabadiliko katika nafasi hii ya protini za Ras ni miongoni mwa yanayojulikana zaidi katika saratani za binadamu, na logo yetu ya protini sita imeiacha tupu. Programu haikukosea, na hesabu ya mkono imekubaliana nayo: RecA ina E pale, EF-Tu ina V, kinasi ya adenilati ina P. Kwa familia nzima ya Walker A, nafasi hiyo iko huru. Kwa Ras haiko huru hata kidogo.

Kwa hiyo motifu ikikukosa wakati mpangilio ni safi, idadi inatosha na chaguo zote umezikagua, badilisha mifuatano uliyoikusanya. Kusanya Ras na jamaa zake wa karibu tu, punguza zinazorudiana, chora tena kwa ukomo ule ule wa mhimili, na iweke logo hiyo chini ya ile ya kwanza, safu ya 12 juu ya safu ya 12.